Sura ya 6: Hamisha Kwanza, Panga Baadaye

Kufikia hapa seva yako imeshakaa juu ya kabati, inavuma kwa mbali, taa yake inapepesa, na ndani hamna kitu. Sura hii ni ya kuijaza. Watu wengi wanaoweza kufunga mashine bila shida huharibu kazi hapa, tena kwa nia njema: wanataka kuanza kwa usafi. "Sitaki kuingiza takataka humu," anasema mwenye nyumba. Anachomeka diski ya zamani, anafungua folda ya kwanza, anaanza kuchambua. Hii ibaki, hii ifutwe, hii iende kwenye harusi, na hii video ni ya nani? Saa tano usiku bado yuko kwenye folda ya tatu, na asubuhi kuna kazi. Baada ya wiki mbili nusu ya vitu iko kwenye seva, nusu kwenye diski, vingine viko pande zote mbili kwa majina tofauti, na hakuna mtu nyumbani anayeweza kuapa kipi kimeshahama na kipi bado.

Ushauri wangu unaenda kinyume na hamu hiyo. Kuhamisha ni kazi moja, kupanga ni nyingine, na usizifanye kwa pamoja hata siku moja. Hamisha kila kitu kama kilivyo, na uchafu wake wote, majina yake ya ovyo, na zile folda zinazoitwa New Folder (3). Hakiki kwamba kilichofika ndicho kilichotoka. Chomoa diski ya zamani uiweke kando. Baada ya hapo panga ndani ya seva kwa muda utakao, hata ikichukua mwaka.

Sababu kubwa ni uhakiki. Kompyuta inaweza kulinganisha pande mbili na kukuambia kama zinafanana, lakini kwa sharti moja: ziwe bado zimekusudiwa kufanana. Ukishabadilisha majina ya folda tatu na kufuta picha zilizojirudia, hesabu hazitalingana tena. Ukiona upande wa seva umepungukiwa mafaili mia nne, utajuaje kama ni yale uliyoyafuta kwa makusudi au ni yale yaliyoishia njiani umeme ulipokatika? Hapo mashine haiwezi tena kukusaidia. Kazi ya kulinganisha inarudi kwa binadamu, tena aliyechoka.

Waliowahi kuionja kazi hiyo si wanagenzi. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ikiwa katikati ya kutengeneza filamu ya Toy Story 2, mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wafanyakazi wakaanza kuona wahusika wa filamu wakitoweka kwenye folda mmoja baada ya mwingine. Nakala rudufu zilikuwepo, ila zilipoitwa kazini zikaonekana ni mbovu, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mkuu wa mafundi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na akifanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta yenye nakala ya mradi mzima. Waliifuata, wakaifunga mablanketi na kuirudisha ofisini kwa gari. Habari hii husimuliwa sana kama muujiza. Sehemu inayoachwa ni iliyofuata: watu kukaa kitako wakilinganisha mafaili ya nyumbani na yaliyosalia ofisini, wakiamua lipi ndilo sahihi. Yote hayo kwa sababu pande mbili zilikuwa zimeshaachana.

Sababu ya pili imejulikana kwa watunza nyaraka tangu zama za makaratasi. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa, kwa waraka ulioandaliwa na Natalis de Wailly, iliagiza kwamba nyaraka zinazotoka ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za ofisi nyingine kwa kisingizio kwamba mada ni moja. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakachapisha mwongozo uliokwenda mbele zaidi: heshimu hata mpangilio ambao mwenye nyaraka aliziachia. Mpangilio huo ni ushahidi. Barua isiyo na tarehe inajulikana ni ya lini kwa kuangalia iliyo juu yake na iliyo chini yake.

Diski ya nyumbani ni vivyo hivyo. Picha isiyo na maelezo yoyote, iliyokaa kwenye folda moja na skani ya risiti ya ada ya shule, tayari imekwambia mwaka. Ukiihamishia moja kwa moja kwenye folda ya "Picha za zamani" umeikata ulimi. Kuna pia vitu ambavyo havina maana nje ya folda yao. Chukua DVD ya harusi, ile aliyokuletea mpiga video baada ya kumkumbusha miezi miwili. Ukiifungua kwenye kompyuta utakuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yenye majina kama VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB, kila moja likiwa halizidi gigabaiti moja, pamoja na mafaili madogo madogo ya IFO na BUP yasiyoonekana kuwa na kazi. Hayo madogo ndiyo yanayojua kipande kipi kinafuata kipi. Anayependa usafi huchukua VOB moja iliyofunguka vizuri, anaiita "harusi", na nyingine anaziacha au anazifuta. Sherehe nzima inakatikia kwenye kukata keki.

Au chukua simu ya zamani. Kwenye Android, ndani ya folda za WhatsApp, kuna moja ya ujumbe wa sauti, nayo imegawanywa katika folda ndogo zenye majina kama 201915. Anayefika hapo mara ya kwanza huona ni namba za mashine tu. Kumbe ni mwaka na wiki: wiki ya 15 ya mwaka 2019. Ndani yake mna mafaili ya PTT yenye mwisho wa opus, ambayo kompyuta nyingi zilizozeeka hazifungui kwa kubofya. Hazifunguki, majina hayaeleweki, basi zinafutwa. Halafu siku bibi hayupo tena, familia inatafuta sauti yake, na sauti yake ilikuwa humo, akiuliza kama mchele umefika.

Kwa hiyo tengeneza kwenye seva folda moja, iite "mapokezi" au jina lolote upendalo, na ndani yake kila chanzo kipate folda yake: "2016-diski-nyeusi", "simu-ya-mama-kioo-kimevunjika", "laptopu-ya-kazini", "dvd-harusi". Jina lieleze kitu kilivyo kwa macho, kwa sababu miezi sita ijayo utakuwa na diski mkononi na utataka kujua ni ipi kati ya hizo. Bandika na karatasi kwenye diski yenyewe yenye jina lilelile.

Usimwage vyanzo viwili kwenye folda moja. Kamera za kidijitali hufuata kanuni ya Japani ya mwaka 1998 iitwayo DCF, inayotaka jina la picha liwe na herufi nne kisha tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999. Ikifika 9999 kamera inarudi 0001. Canon huandika IMG_0001, na iPhone nayo huandika IMG_0001. Nyumba yenye kamera moja na simu mbili inaweza kuwa na picha nne tofauti kabisa zinazoitwa IMG_0412. Ukizimwaga pamoja, kompyuta inauliza: nibadilishe, niruke, au tulinganishe? Mara ya kwanza unasoma swali kwa makini. Mara ya thelathini unaweka alama ya "fanya hivyo kwa zote", na mtoto wa kaka yako akiwa na siku tatu anafunikwa na picha ya mita ya maji.

Unaanza na kipi? Kinachokufa. Simu ambayo skrini yake inashika siku nyingine na nyingine haishiki, DVD zilizochomwa nyumbani, flashi ambayo lazima uishikilie kwa kidole ndipo isomeke. Diski nzuri uliyoinunua mwaka jana inaweza kusubiri. Diski inayogongagonga ndani, kwa upande mwingine, usiinakili kwa njia ya kawaida kabisa. Programu za kawaida zikikuta sehemu mbovu huing'ang'ania, zikiisoma tena na tena, na kila jaribio linazidi kuichosha. Iko programu ya GNU iitwayo ddrescue ambayo kwanza huchota sehemu zote nzima, ikaandika daftari la zilizoshindikana, na mwisho ndipo inarudi kuzibembeleza. Kama kilichomo ni cha thamani sana na hujiamini, izime umpelekee fundi anayejua. Usiiwashe tena ili "kuangalia tu".

Sasa njia. Watu hununua seva nzuri kisha hupitisha terabaiti nzima kwenye Wi-Fi ya sebuleni, wakalalamika kwamba seva ni nzito. Hesabu yake si ngumu. Waya wa mtandao wa gigabiti hupitisha kwa kweli kama megabaiti 110 kwa sekunde, hivyo terabaiti moja inakwisha kwa saa mbili na nusu hivi. Ila ruta nyingi tunazopewa na kampuni za intaneti, hasa za bei nafuu, zina matundu ya megabiti 100 tu. Hapo unapata megabaiti 11 kwa sekunde, na terabaiti ileile inataka saa 25. Wi-Fi ya zamani inayopita kuta mbili za tofali ikikupa megabaiti 5 kwa sekunde, ni zaidi ya siku mbili, kama haitakatika. Tiba ni swichi ndogo ya gigabiti na waya mbili: kompyuta kwenye swichi, seva kwenye swichi, na ruta iachwe na kazi yake ya intaneti. Kabla ya kununua waya angalia maandishi yaliyochapwa juu yake. Cat5e inatosha kabisa, na anayekuambia nyumba inahitaji Cat8 anauza waya.

Njia iliyo fupi kuliko zote ni kutotumia mtandao. Kama seva yako ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, ina matundu ya USB. Chomeka diski ya nje moja kwa moja kwenye seva. Tafuta tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani. La USB 2 hutoa kama megabaiti 35 kwa sekunde, yaani saa nane kwa terabaiti, bado ni bora kuliko Wi-Fi.

Ukiona mwendo unaanguka ghafla ingawa waya ni mzuri, yaelekea umefika kwenye folda ya picha za WhatsApp. Faili moja kubwa la filamu hupita kwa kasi kwa kuwa mkono wa diski hauruki kila mara. Mafaili laki moja madogo ni safari nyingine: kwa kila moja diski inatafuta jina, inatafuta mahali lilipo, inasoma, inaandika jina upande wa pili, na kila mruko wa mkono huo hugharimu kama milisekunde kumi. Mashine haijaharibika. Nenda kalale.

Kulala huko kunaleta suala la umeme. Kompyuta ndogo ya ofisi yenye diski mbili ikivuta wati 25, kwa siku nzima inatumia yuniti 0.6 za LUKU, ambazo si za kukunyima usingizi. Kinachonyima usingizi ni kukatika. Betri ya UPS, hata ile ndogo ya dakika kumi, inatosha kuifanya seva ijizime kwa adabu. Lakini hata bila UPS kuna namna ya kunakili isiyoogopa giza, na ndiyo ninayoitumia.

Programu inaitwa rsync. Iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, ikatolewa mwaka 1996, wakati laini zilikuwa nyembamba na kutuma upya faili zima kwa ajili ya mstari mmoja uliobadilika kulikuwa kunauma. Tridgell huyo ndiye aliyeanzisha Samba, inayoifanya seva ya Linux izungumze na kompyuta za Windows, kwa hiyo huenda kazi yake imo mara mbili ndani ya kiboksi chako. Kwenye dirisha la amri unaandika hivi:

rsync -avh /mnt/diski/ /data/mapokezi/2016-diski-nyeusi/

Herufi a inahifadhi tarehe za mafaili na mpangilio wa folda, v inataja kila kinachopita, h inaandika ukubwa kwa namba za kusomeka. Angalia ule mkwaju, yaani alama ya /, mwishoni mwa neno "diski". Ukiwepo, maana yake ni "chukua vilivyomo ndani ya diski". Usipokuwepo, ni "chukua folda ya diski yenyewe", na utakuta upande wa pili kuna 2016-diski-nyeusi/diski/ ambayo hukuitaka. Leo ni usumbufu mdogo. Siku utakapoongeza neno --delete, linaloamuru upande wa pili ufutwe kila kisichopo upande wa kwanza, mkwaju mmoja unaweza kufuta kazi ya wiki. Kwa uhamisho wa kwanza neno hilo halina kazi, usiliandike. Na kabla ya amri yoyote usiyoizoea ongeza herufi n: rsync itataja ingefanya nini bila kugusa chochote. Soma orodha hiyo.

Umeme ukikatika katikati, ukirudi andika amri ileile tena. Rsync hupita kwenye mafaili yaliyokwisha fika, huona ukubwa na tarehe vinalingana, huyaruka, na kuendelea pale ilipoachia. Faili lililokuwa njiani wakati wa giza halikuwa limepewa bado jina lake halisi: rsync huliandika kwanza kwa jina la muda, lenye nukta mbele na herufi sita za kubahatisha nyuma, na likikamilika ndipo hulipa jina. Kwa hiyo faili nusu haliwezi kujifanya zima. Ukikuta baadaye mabaki kama .harusi.mp4.Xk2p9Q, ndiyo hayo, futa.

Kwenye Windows kuna robocopy, iliyomo ndani ya kila Windows tangu Vista, nayo huweza kuendelea ilipoishia. Mpe /E na uogope /MIR, ambayo ni ndugu wa --delete. Ukipenda kutumia kipanya, sawa, lakini nakili na kubandika. Usikate na kubandika. Kukata ni kuhamisha na kufuta kwa pumzi moja, na kunafuta kabla hujahakiki.

Uhakiki wenyewe ni amri ileile na herufi mbili zaidi: rsync -avhnc, halafu njia zilezile. Herufi n inaizuia isiguse kitu. Herufi c inaiamuru isome kila faili mwanzo hadi mwisho pande zote mbili na kupiga cheksamu, hesabu ambayo hubadilika hata biti moja ikibadilika, kisha ilinganishe majibu. Inachukua muda mrefu kama kunakili kwenyewe, wakati mwingine zaidi. Usilitaje faili hata moja, ewe rsync, ndiyo dua ya usiku huo. Likitajwa lolote, linakiliwe tena. Mimi huizima seva na kuiwasha kabla ya kuhakiki, ili isijibu kwa kukumbuka kilicho kwenye memori bali iende ikasome diski kweli.

Baada ya hapo pumua. Unaweza sasa kupanga, na utashangaa kazi hii inavyopoteza ukali wake pale ambapo kosa haliwezi kuua kitu. Folda ya mapokezi ibaki kama ilivyofika na ifanye iwe ya kusomwa tu. Nakili yaliyomo kwenye folda nyingine; nakala hiyo ya kazi ndiyo unayoipanga.

Mpangilio mzuri ni ule ambao mama yako ataufuata bila kukupigia simu. Nimeona watu wakibuni folda za ngazi saba: Picha, Familia, Upande wa baba, Sherehe, Harusi, Mwaka, Simu. Miezi mitatu tu mwenyewe hajui picha ya harusi ya mjomba iwekwe wapi maana mjomba ni wa upande wa mama. Mwaka, kisha tukio, basi. "2019", na ndani yake "2019-04-20-harusi-ya-dada". Tarehe ianze na mwaka, mwezi ufuate, siku iwe ya mwisho, kama kanuni ya ISO 8601 ilivyoagiza tangu 1988, kwa kuwa kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Ukiandika 20-04-2019, tarehe ishirini za miaka yote zitakaa pamoja na Aprili itatawanyika. Epuka alama za nukta mbili, swali na nyota, ambazo Windows inazikataa. Na chagua herufi ndogo ushikamane nazo: kwa Linux "Harusi" na "harusi" ni folda mbili tofauti, kwa Windows ni moja, na nyumba yenye zote mbili itakuwa na picha zinazoonekana kwenye televisheni lakini hazionekani kwenye laptopu.

Picha za kamera na simu zinabeba tarehe yake ndani, kwenye maelezo yaitwayo Exif. Hiyo ndiyo ya kuamini kuliko tarehe ya faili inayobadilika kirahisi ukinakili ovyo. ExifTool, kazi ya Phil Harvey iliyoanza mwaka 2003, inaweza kusoma maelfu ya picha na kuziweka kwenye folda za mwaka na mwezi peke yake. Kamera iliyokuwa imekufa betri hurudisha saa yake mwanzo, ndiyo maana utakuta kipaimara cha juzi kinadai kilifanyika Januari 2000. Programu hiyohiyo husogeza picha zote za siku hiyo kwa kipimo kimoja, mfuatano wake usivurugike.

Za WhatsApp ni habari nyingine. IMG-20190412-WA0003 inaonekana ina tarehe, na inayo, lakini ni ya siku picha ilipoingia au kutoka kwenye simu ile, hata kama ilipigwa mwaka 1987 na shangazi ameipiga picha juzi kutoka kwenye albamu. WhatsApp pia huondoa Exif na kuibana picha. Kwa hiyo programu za kutafuta picha zilizojirudia, zile zinazolinganisha mafaili biti kwa biti, hazitaona kwamba picha hii ni ndugu wa ile ya kamera. Mimi siwashauri watu wahangaike sana na marudio. Picha elfu kumi za megabaiti mbili ni gigabaiti 20, sehemu ya hamsini ya terabaiti moja. Jioni zako zina bei kubwa kuliko hiyo.

Nyaraka, yaani vyeti, hati ya kiwanja, mikataba, ziwe na folda yake na idhini yake. Televisheni ya sebuleni na kishikwambi cha watoto visome picha na muziki tu, visiwe na ruhusa ya kufuta popote.

Seva iliyojaa na kupangika bado ni nakala moja. Diski mbili zinazoakisiana, mpango uliopewa jina la RAID na Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley mwaka 1988, zinakukinga na kifo cha diski moja. Ukifuta folda, inafutika kwenye zote mbili kwa sekunde ileile. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Wengine hufikiria nakala hiyo ya nje iende kwenye wingu, na kwa nyaraka muhimu ni wazo zuri. Ila Google ilifunga hifadhi yake ya bure isiyo na kikomo kwa picha tarehe 1 Juni 2021, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na intaneti ya kuchechemea. Diski iliyoko kwa shemeji Morogoro haihitaji bando.

Na usiifungulie seva mlango wa intaneti moja kwa moja ili uone picha ukiwa safarini. Juni 2021 wenye diski za Western Digital aina ya My Book Live, ambazo kampuni ilikuwa imeacha kuzihudumia tangu 2015, waliamka duniani kote na kukuta vimefutwa vyote kutoka mbali. Tumia VPN, ambayo sura ya 8 itaieleza, au subiri urudi nyumbani.

Imebaki ile diski ya zamani uliyoiweka kando. Isifutwe mpaka nakala ya nje ya nyumba iwepo na ihakikiwe kwa njia ileile ya cheksamu. Kisha iulize programu ya smartctl hali yake, na katika orodha ndefu itakayotoka tazama mistari mitatu: namba 5, 197 na 198. Hiyo ndiyo inayohesabu sehemu za diski zilizooza au zinazoelekea huko. Ikiwa yote ni sifuri, diski inaweza kufanyiwa fomati na kuwa ndiyo nakala ya akiba inayopishana na ile ya Morogoro, moja ikienda wakati nyingine inarudi, kila mtu anaposafiri. Kama hata mmoja una namba inayopanda, usimpe mtu na usiiuze. Iandikie sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ya usiku mmoja, halafu itobolewe kwa drili, kwa sababu diski nyingi zinazouzwa mitumba zina picha za watu wasiojua kwamba wameziuza.